Maswali yenu ya hesabu: Hizi data zinatosha au hazitoshi?

Karibu meseji zote za mwezi huu zimeangukia sehemu moja, yale maswali ya GMAT, mtihani wa kuombea nafasi ya masomo ya uzamili ya biashara, ambayo huulizwi jibu ni ngapi, unaulizwa kama data ulizopewa zinatosha kulipata hilo jibu, na hasa yale ya makundi yanayoingiliana, yaani kuna walio kundi hili, kuna walio kundi lile, kuna walio kote kote na kuna wasio popote, alafu juu ya hapo wanakumwagia asilimia. Nimefurahi sana kuyaona kwa sababu hii ni mada ambayo watu wanaikimbia bure. Hesabu zake ni za kujumlisha na kutoa tu, kinachowaangusha watu ni kusoma.

Kwa ambaye hajawahi kuyaona niseme kwa ufupi. Unapewa maelezo na swali, chini yake kuna taarifa ya 1 na taarifa ya 2. Machaguo ni yale yale siku zote: A, taarifa ya 1 peke yake inatosha ila ya 2 peke yake haitoshi. B ni kinyume chake. C, ukiziunganisha zinatosha ila hakuna inayotosha peke yake. D, kila moja peke yake inatosha. E, hata uziunganishe bado. Yakariri haya kabla hujaingia chumba cha mtihani, usianze kuyasoma mle ndani. Zamani maswali haya yalikuwa sehemu ya hesabu, ila toleo jipya la mtihani lilipoanza mwishoni mwa 2023 yakahamishiwa sehemu inayoitwa Data Insights, maswali 20 kwa dakika 45, yakichanganywa na ya majedwali, grafu na mengine.

Haya, tuanze.

Shikamoo mwalimu. Kampuni ina wafanyakazi wanawake na wanaume, swali ni asilimia ngapi ya wafanyakazi wote wana leseni ya udereva. Taarifa ya 1: asilimia 30 ya wanawake wana leseni. Taarifa ya 2: asilimia 80 ya wanaume wana leseni. Mimi nimeweka C, kwa sababu nikijumlisha 30 na 80 nikagawa kwa mbili napata 55. Kitabu kinasema E. Ni kitabu kimekosea?
*Msomaji, Mbezi, Dar es Salaam*

Marahaba mdogo wangu. Kitabu kiko sawa, na mtego ulioingia ndo mtego mkuu wa mada nzima, kwahiyo nitakaa hapa kidogo hata wengine wasome.

Kila ukiona neno asilimia kwenye haya maswali, simama, jiulize: asilimia ya nani? Thelathini yako ni ya wanawake. Themanini yako ni ya wanaume. Swali linataka asilimia ya wote. Hayo ni makundi matatu tofauti na wewe umezichukua namba za makundi mawili ukazichanganya kama vile ni za kundi moja.

Chukua karatasi, chora jedwali la viboksi tisa, safu tatu kwenda chini na tatu kwenda pembeni. Mstari wa kwanza andika wanawake, wa pili wanaume, wa tatu jumla. Juu andika wana leseni, hawana leseni, jumla. Kile kiboksi cha kona ya chini kulia, jumla ya jumla, weka 100, kwa sababu swali lako ni la asilimia na 100 inarahisisha kila kitu. Sasa jaribu kuweka taarifa zako. Asilimia 30 ya wanawake... wanawake wangapi? Kiboksi cha jumla ya wanawake kiko wazi! Huna. Na hapo hapo ndo unagundua kuna kitu kimekosekana, bila hata kupiga hesabu yoyote.

Kama bado huamini, jaribisha. Tuseme kati ya watu 100 wanawake ni 40 na wanaume 60. Wenye leseni ni 12 kwa wanawake (asilimia 30 ya 40) na 48 kwa wanaume (asilimia 80 ya 60), jumla 60. Sasa geuza, wanawake wawe 90 na wanaume 10: wenye leseni ni 27 na 8, jumla 35. Taarifa zote mbili ziko vile vile, hazijaguswa, lakini jibu mara 60 mara 35. Jibu likiweza kuwa mawili basi data hazitoshi, ni E. Ile 55 yako inatokea pale tu wanawake na wanaume wakiwa nusu kwa nusu, na hakuna mtu aliyekwambia wako nusu kwa nusu, umejiwekea mwenyewe.

Swali lingesema mwanzoni kwamba asilimia 40 ya wafanyakazi ni wanawake, ungekuwa sahihi kabisa na C yako, jibu 60.

Na ukiwa na lile jedwali mbele yako angalia kitu kingine. "Asilimia 30 ya wanawake wana leseni" unakisoma kwenye mstari, 12 kati ya 40. "Asilimia kadhaa ya wenye leseni ni wanawake" unakisoma kwenye safu ya kwenda chini, 12 kati ya 60, ambayo ni asilimia 20. Ni kiboksi kile kile, watu wale wale 12, ila wa kwanza amewagawa kwa wanawake na wa pili amewagawa kwa wenye leseni. Watunga mitihani wanajua msomaji mwenye haraka hataona tofauti, kwahiyo wanazitumia hizi sentensi mbili sana. Neno linalokuja baada ya "asilimia ya" ndo la kugawia, siku zote.

Habari mwalimu. Asilimia 40 ya wafanyakazi wa kiwanda ni wanawake. Je, wanawake wenye leseni ya udereva ni wangapi? Taarifa ya 1: asilimia 30 ya wanawake wana leseni. Taarifa ya 2: asilimia 12 ya wafanyakazi wote ni wanawake wenye leseni. Mwenzangu anasema C, mimi nasema D. Tuamue tafadhali.
*Msomaji, Nairobi*

Nzuri sana ndugu yangu. Jibu ni E, na naomba msigombane kwa sababu wote wawili mmeona nusu ya ukweli.

Wewe umeona kwamba kila taarifa inajaza kile kiboksi cha wanawake wenye leseni. Kweli, inakijaza, lakini kwa asilimia. Taarifa ya 1 inakupa asilimia 30 ya 40, yaani 12 kati ya kila 100. Taarifa ya 2 inakupa... hiyo hiyo 12 kati ya kila 100! Ni taarifa moja imevaa nguo mbili. Ndo maana C ya mwenzako nayo haisimami, kuunganisha taarifa mbili zinazosema kitu kimoja hakukuongezei kitu. Hili la taarifa pacha lizoee, kila unapotaka kuweka C jiulize kwanza ya 2 imeniletea jipya gani ambalo ya 1 haikuwa nalo, ukikosa jibu la hilo swali C haipo.

Na swali limeuliza wangapi. Watu, vichwa, idadi. Hakuna mahali popote kwenye maelezo wala kwenye taarifa palipo na idadi ya mtu hata mmoja, ni asilimia mwanzo mwisho. Kiwanda kinaweza kuwa na watu 100, wenye leseni 12, au watu 1,000, wenye leseni 120. Asilimia peke yake haizai idadi, lazima mahali fulani pawe na namba halisi ya kushikia. Ingeulizwa "asilimia ngapi ya wafanyakazi wote ni wanawake wenye leseni" hapo D yako ingekuwa sahihi. Neno moja limebadilika, jibu limetoka D hadi E.

Sasa hapa nataka niwaonyeshe kitu ninachokipenda sana na ambacho wengi hawakioni. Chukua swali hilo hilo la wangapi, lakini kwenye maelezo ongeza maneno haya: kiwanda kina wafanyakazi wasiofika 50. Hamjapewa idadi kamili, mmeambiwa tu hawafiki 50. Jibu linakuwa nini?

Watu wengi watasema bado E, hatujui ni wangapi. Lakini watu hawakatwi vipande. Asilimia 12 ya wafanyakazi lazima iwe namba nzima. Asilimia 12 ni 12 kwa 100, ukirahisisha ni 3 kwa 25, kwahiyo idadi ya wafanyakazi lazima igawanyike kwa 25 bila baki: 25, 50, 75 na kuendelea. Hawafiki 50, basi imebaki 25 peke yake. Wanawake 10, wenye leseni 3. Imetosha! Taarifa ya 1 nayo inakupeleka njia hiyo hiyo kwa sababu asilimia 30 ya asilimia 40 ni ile ile 12. Jibu ni D. Ona ulivyotoka E hadi D kwa kuongeza maneno yasiyotaja hata idadi kamili. Ila hii inafanya kazi pale asilimia ziko kamili kabisa, wakiandika "takriban asilimia 12" hoja yote inaanguka, kwahiyo neno takriban usilipite.

Mwalimu, nimechanganyikiwa na maswali ya ndiyo na hapana. Taarifa ya 1: asilimia 80 ya kaya za kijiji zina simu ya mkononi. Taarifa ya 2: asilimia 70 ya kaya zina redio. Je, zaidi ya asilimia 45 ya kaya zina vyote viwili? Hawajaniambia zisizo na chochote ni ngapi, nikaweka E. Kwa nini ni C?
*Msomaji, Bukoba*

Kwa sababu hujaulizwa ni ngapi hasa, dada, umeulizwa kama zinazidi 45. Kwa swali la namna hii huhitaji namba moja, unahitaji kujua namba inaweza kushuka hadi wapi na kupanda hadi wapi, alafu uangalie hiyo 45 imekaa upande gani.

Fikiria kijiji cha kaya 100. Simu ziko kaya 80, redio ziko kaya 70. Jaribu kwa nguvu zote kuzitenganisha, yaani redio uzipeleke kwenye kaya zisizo na simu. Kaya zisizo na simu ni 20 tu. Ukishazipa hizo 20 redio, zimebaki redio 50 hazina pa kwenda, lazima ziingie kwenye kaya zenye simu. Kwahiyo hata ufanyeje zenye vyote viwili haziwezi kupungua 50. Na upande wa juu haziwezi kuzidi 70 kwa sababu redio zenyewe zinaishia hapo. Iko kati ya 50 na 70. Je, inazidi 45? Ndiyo, kwa vyovyote vile. Imetosha, na kwa kuwa taarifa moja moja haikupi hiyo sakafu ya 50, ni C.

Ukibadilisha 45 ikawa 55 mambo yanageuka, maana kati ya 50 na 70 kuna sehemu ziko chini ya 55 na sehemu ziko juu, mara ndiyo mara hapana, hapo ndo E.

Ukiiweka 75 je? Hapa wengi wanaumia. Taarifa ya 2 peke yake inasema zenye redio ni 70, basi zenye vyote viwili haziwezi kamwe kuzidi 75. Jibu ni hapana, na hapana ya uhakika inatosha sawa sawa na ndiyo ya uhakika. Taarifa ya 1 peke yake inaruhusu hadi 80 kwahiyo haijakata shauri. Jibu ni B. Naona wanafunzi wengi sana wakipata hapana wanaandika haitoshi, kana kwamba hapana ni kushindwa. Kinachoua ni "labda", hapana haina shida yoyote.

Darasa lina asilimia 60 wanaosoma Fizikia na asilimia 50 wanaosoma Kemia. Asilimia ngapi wanasoma zote mbili? Taarifa ya 1: asilimia 15 hawasomi hata moja. Taarifa ya 2: nusu ya wanaosoma Kemia wanasoma Fizikia pia. Kwa ya 1 nimepata 25, kwa ya 2 nimepata 30. Nimeweka D lakini nina wasiwasi.
*Msomaji, Muscat*

D ni sahihi, na wasiwasi wako ni sahihi pia, tena ni wasiwasi wenye akili. Kwenye huu mtihani taarifa mbili hazigombani kamwe, zote ni za kweli kwa wakati mmoja, kwahiyo ukipata 25 huku na 30 kule ujue mojawapo umeisoma vibaya. Ya 1 iko sawa: wasiosoma hata moja ni 15, wanaosoma angalau moja ni 85, 60 na 50 ni 110, iliyozidi ni 25. Kwa ya 2 umechukua nusu ya Fizikia, 30, wakati wamesema nusu ya wanaosoma Kemia, ambao ni 50, nusu yake 25. Yale yale ya msomaji wa Mbezi, ya nani?

Mwalimu naomba kuuliza, kwenye mtihani tunaruhusiwa kalkuleta?
*Msomaji, Morogoro*

Sehemu ya Data Insights ina kalkuleta kwenye skrini, ndiyo. Sehemu ya hesabu haina. Ila kwa maswali haya mimi sikushauri uiguse sana, una wastani wa dakika 2 na sekunde 15 kwa swali, na mara nyingi ukishaona kiboksi unachokitaka kinaweza kujazwa unaacha hapo hapo, namba yenyewe hakuna atakayekuuliza. Tena mwisho wa sehemu, ukibakiwa na muda, unaruhusiwa kurudi na kubadilisha majibu hadi matatu, kwahiyo lile ulilosita kati ya C na D liwekee alama uendelee mbele.

Hayo ya makundi mawili naelewa, tatizo ni matatu. Wageni 100 wa hoteli Zanzibar, kila mmoja alitembelea angalau sehemu moja kati ya msitu wa Jozani, mashamba ya viungo na kisiwa cha Changuu. Jozani walikwenda 50, viungo 60, Changuu 40. Waliokwenda sehemu moja tu ni wangapi? Taarifa ya 1: waliokwenda zote tatu ni 10. Taarifa ya 2: waliokwenda angalau sehemu mbili ni 40. Hapa nitumie jedwali au duara?
*Msomaji, Arusha*

Hapa duara kaka, jedwali linaishia makundi mawili. Wale mliosoma mada ya Seti sekondari mnazikumbuka duara za Venn, zile zinazopishana. John Venn alikuwa mwalimu wa mantiki Cambridge, aliziandikia mwaka 1880, ingawa mwanahisabati Euler alishatumia duara kwa kazi ya kufanana na hiyo karne moja kabla. Kwa makundi mawili mimi napendelea jedwali kwa sababu wale wasio popote wanapata kiboksi chao, kwenye duara wanabaki nje huko na watu wanawasahau. Kwa matatu hakuna ubishi, duara.

Jumlisha zile namba tatu: 50, 60 na 40 ni 150. Wageni ni 100 tu, kwahiyo kuna kuhesabiwa kulikozidi mara 50. Nani wamezidisha? Aliyekwenda sehemu mbili tu amehesabiwa mara mbili, amezidi mara moja. Aliyekwenda zote tatu amehesabiwa mara tatu, amezidi mara mbili. Basi waliokwenda mbili tu, ukijumlisha na waliokwenda tatu mara mbili, lazima wafike 50. Hakuna haja ya kukariri fomula ndefu, ukielewa nani amehesabiwa mara ngapi unaitengeneza mwenyewe pale pale.

Taarifa ya 1: wa zote tatu ni 10, wamekula 20 kwenye ile 50, basi wa mbili tu ni 30. Waliobaki, 100 toa 30 toa 10, ni 60. Imetosha.

Taarifa ya 2: angalau mbili ni 40, na kila mgeni alikwenda angalau sehemu moja, basi wa moja tu ni 60. Imetosha kwa mstari mmoja, hata zile 50, 60 na 40 hujazigusa. Jibu D.

Angalia tu maneno "mbili tu" na "angalau mbili". Wangeandika waliokwenda mbili tu ni 30, ungerudi kwenye ile 50 upate 10 wa zote tatu na jibu lingebaki 60. Lakini ukiichukua ile 40 ya angalau mbili ukaiweka kama mbili tu, wa zote tatu wanakuwa 5, wa sehemu moja wanakuwa 55, na hiyo inagombana na taarifa ya 1. Ukiona ugomvi wa namna hiyo rudi kwenye karatasi, ipo sehemu umeruka neno.

Mwezi ujao naendelea na makundi matatu yenye asilimia badala ya idadi, kwahiyo mwenye swali la hivyo alitume mapema, na tafadhali likopi lote na taarifa zake zote mbili, usinifupishie.